Spaiki na lehenga katika begi moja: siku saba Mwanza na Ukerewe

Nimerudi bwenini Dodoma wiki mbili sasa, ila majaribio ya katikati ya muhula yalinikalisha. Haya nimeyaokota kutoka daftari langu la mazoezi (nusu yake imegeuka hesabu za vitambaa), risiti zilizolowa na picha mia nne na ushee za simu, ambazo nyingi ni za miamba. Mnaoniuliza kila siku kuhusu lile vazi la Kihindi, "lehenga ulipata wapi na kwa bei gani", rukeni hadi Alhamisi.

Safari ilikuwa na shughuli mbili. Timu yetu ya riadha ilialikwa mashindano ya kirafiki ya vyuo Ijumaa. Jumamosi yake dada wa Kapteni wetu alikuwa na sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, na kamati ilishatangaza: wanawake wote, vazi la Kihindi. Bumu, yaani hela ya mkopo wa chuo, lilikuwa limebaki 120,000 kwa ajili ya nguo. Si shilingi zaidi.

Jumatano: Dodoma hadi Mwanza

Basi la chuo lilikuwa gereji, kwa hiyo tulipanda la abiria stendi ya Nanenane saa 12 asubuhi, wanariadha kumi na wanne na kocha. Nauli 42,000, chuo kililipa. Manyoni na Singida nilizipita usingizini. Nilizinduka tunateremka Sekenke, mlima ambao ukikaa dirishani upande wa bonde unaanza kusali hata kama hukuwa na mpango.

Tulipoipita Igunga, tairi la nyuma likapasuka. Spea ilikuwepo. Jeki haikuwepo. Konda alitushusha kwa upole wa mtu aliyezoea kushusha watu, tukakaa chini ya mkwaju saa mbili na nusu. Kocha akaona ni muda mzuri wa kunyoosha misuli, basi tukapanga mstari kando ya lami, watoto wa jirani wakajiunga, madereva wa malori wakawa wanatupigia honi.

Mama mmoja akatoka nyumba ya pili na ndoo ya maji na sufuria ya michembe. Kwa wasioijua: ni viazi vitamu vinavyokatwakatwa na kuanikwa vikiwa vibichi, kisha hupikwa, na hivi vilikuwa vya karanga. Vikichemshwa kwanza ndipo vianikwe vinaitwa matobolwa, na usithubutu kuchanganya majina hayo mbele ya Msukuma. "Kuleni, wanangu," alisema, "hilo gari si la sasa hivi." Hela alikataa. Kapteni akatufundisha kusema "wabeja", tukaimba wote kwa pamoja kama darasa la kwanza, mama akacheka mpaka akashika mti.

Nyegezi, stendi ya Mwanza, tulifika saa 4 usiku badala ya saa 11 jioni. Bodaboda alitaka 5,000 hadi chuo kilichotupokea. Kapteni alimsalimia kwa Kisukuma, ikawa 2,000. Kama huna Kapteni, uliza bei kwa mama lishe wa stendi kabla hujaongea na mwenye pikipiki yoyote.

Alhamisi: mbio za asubuhi, kisha duka

Alfajiri kocha alitupakia daladala (600) hadi mjini, tukakimbia kilomita sita taratibu kuzunguka Capri Point. Dodoma na Mwanza ziko karibu urefu ule ule juu ya bahari, mita 1,100 na kitu, kwa hiyo pumzi haikuwa shida. Shida ilikuwa unyevu. Kwetu jasho linakauka kabla hujaliona, huku linakusindikiza mpaka bafuni. Marabu, wale ndege wakubwa, wamesimama juu ya mapaa kama wazee wa baraza. Jiwe la Bismarck kila mtu hulipiga picha kutoka upande ule ule, na mimi nimelipiga kutoka upande ule ule, mara kumi na tisa.

Nilitaka kutumbukiza miguu ziwani kupoza misuli. Kocha akasema neno moja: kichocho. Na ni kweli, maji ya kando kando yenye konokono ndiyo yanayoambukiza. Nenda na ndoo yako ya maji ya bomba.

Saa 4 mimi na Kapteni tukaingia mjini kutafuta nguo. Tulianza na kosa la kila mgeni: duka lenye vioo na kiyoyozi. Lehenga kamili, yaani sketi pana, blauzi fupi na mtandio, 280,000. Kukodi 70,000, na dhamana 100,000 juu. Nikasema angalau nijaribu ya kukodi. Sketi ilikubali. Blauzi iligoma mabegani, mkono mmoja ukaingia na wa pili ukabaki unaning'inia. "Dada, una mabega ya kiume," alisema binti wa dukani. Sikumjibu. Mabega hayo ndiyo yanayonitoa kwenye msongamano wa mita 200 za kwanza, na sikuona haja ya kumweleza mtu anayeniuzia kwa vipimo vya mwanasesere.

Tukashuka Makoroboi. Jina limetokana na koroboi, zile taa za mafuta ya taa walizokuwa wakizitengeneza mafundi hapo kwa makopo. Siku hizi ni machinga kila hatua, na hekalu la Wahindu liko hapo hapo jirani. Nilinunua dazeni ya bangili kwa 4,000. (Neno bangili lenyewe, kama gari, laki na chapati, lilivuka bahari kutoka huko huko Uhindini.) Kijana aliyeniuzia, alipoona tunahangaika, aliacha meza yake kwa mwenzake na kutupeleka kwa miguu mitaa miwili mbele hadi duka dogo la vitambaa lisilo na hata kibao. Hakudai kitu. Alirudi anakimbia, na nasema kama mtaalamu, mwendo wake ulikuwa mzuri.

Ndani alikaa mama wa Kihindi mwenye umri wa bibi yangu, mkasi mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwangaluka," akamgeukia Kapteni, na dakika kumi zilizofuata nilisimama nje ya mazungumzo, maana walihamia Kisukuma na kuanza kusengenya bei ya pamba. Baadaye alinieleza kwamba babu yake alikuja kutoka Kutch, Uhindini, kununua pamba kabla reli haijafika, na reli kutoka Tabora iliingia Mwanza mwaka 1928. Yeye amezaliwa hapa, watoto wake wamezaliwa hapa. India amekwenda mara mbili, mara zote akaharisha.

Akaniuliza ninasoma nini. Nikasema ualimu, ila hapa nimekuja kukimbia, mita 1500. Mkasi ukawekwa mezani.

"Usha!"

Sikumwelewa. Akanihadithia kuhusu P. T. Usha, mkimbiaji wa India, Olimpiki ya Los Angeles 1984, mita 400 kuruka viunzi. Alikosa medali ya shaba kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Wa nne. Mama alisikiliza redioni na mumewe, na alivyolisimulia ungedhani ni msiba wa wiki jana. Nami nikampa Simbu wetu: marathoni ya dunia, Tokyo, Septemba 2025, saa 2:09:48, akamzidi Mjerumani kwa sehemu tatu za mia baada ya kilomita 42. Akafikiri kidogo.

"Kwa hiyo kifua kilichotupungukia sisi, mkapewa ninyi."

Halafu tukafanya kazi. Ushauri wake ulikuwa huu: usinunue lehenga, nunua sari ukaishonee. Sari ni kitambaa kimoja cha kama mita tano na nusu, na ile ncha moja yenye nakshi nzito, inayotupwa begani, inatosha blauzi. Kilichobaki ni sketi yenye mzunguko wa kutosha. Nilichagua ya kijani ya chupa yenye ukingo wa dhahabu, 45,000. Bitana mita nne, 12,000. Fundi anakaa barazani hapo hapo, cherehani ya miguu, ufundi 35,000 na akaahidi kesho jioni. Fundi akisema kesho kwa kawaida maana yake ni wiki ijayo, lakini mama alimtazama, ikawa kesho kweli.

Yule fundi ni mtu wa maana. Alipima kiuno na nyonga, alipofika mabegani akasimama.

"Utacheza?"

"Nitacheza."

"Inua mikono kama unamaliza mbio."

Nikainua, barazani, watu wanapita. Akapima tena hivyo hivyo, akasema ataweka kipande kwapani ili blauzi isinibane, na pindo la sketi litapanda inchi mbili juu ya kisigino. "Sketi inayofagia ni ya kupigia picha," alisema. Kwenye duka la vioo hakuna aliyeniuliza kama nitacheza.

Kilichobaki ni mtandio. Mama alishusha kutoka juu kabisa bandhani mwekundu, nukta ndogo ndogo za njano. Kazi hiyo, ambayo watu wa Kutch na Jamnagar kule Gujarat wanasifika nayo, hufanywa kwa kubana kitambaa kwa ncha za vidole, kukifunga uzi sehemu baada ya sehemu, mamia kwa maelfu, ndipo kichovywe rangi. Nyuzi zikifunguliwa, pale palipofungwa panabaki nukta. Ukitaka kujua wa kweli na wa kuchapwa kiwandani, upapase. Wa kweli una vimanundu na unakunjamana, na nukta zake hazilingani. Wa kuchapwa ni bapa, nukta zote mapacha. Bei 30,000. Nilikuwa nimebaki na 24,000, na elfu moja yake tayari nilishaipangia pini.

"Nenda kakimbie," alisema, "tutaongea kesho. Na ukija kuufua, ufue peke yake, maji ya chumvi, mara ya kwanza. Peke yake, umesikia?"

Nilisikia.

Ijumaa: mita 1500

Uwanja wa nyasi na murram, mistari ya chokaa, saa za mkono. Usiku ilinyesha, kwa hiyo kona ya pili ilikuwa bwawa. Tulianza kumi na mmoja. Binti wa Musoma alitutoka mzunguko wa pili na hakurudi. Watu wa huko wanakimbia kama wana deni na Suleiman Nyambui, mtoto wa Majita aliyeleta fedha ya mita 5000 kutoka Moscow 1980, na ambaye naye alikuwa mwanafunzi, chuo cha UTEP kule Marekani, alipokuwa akizoa mataji ya vyuo. Kengele ilipolia nilikuwa wa tano. Mita 200 za mwisho nikawa wa nne, mita 50 nikawa sawa na wa tatu, bega kwa bega, na kwenye mstari yeye alilaza kifua, mimi nikanyoosha shingo.

Wasimamizi walijadiliana dakika kumi. 4:44 wote wawili. Wa nne ni mimi.

Nilikaa kwenye nyasi nikavua spaiki, viatu vyangu vya mbio. Kocha alinipa nusu ya chungwa akaondoka bila kusema kitu, na huo ndio ukarimu wake.

Jioni nilirudi dukani. Mama aliuliza kwa nyusi tu. Nikamwonyesha vidole vinne. Nilijiandaa kwa "pole". Hakuisema. Alisimama, akazunguka meza, akanipa mkono kama wanaume wanavyopeana.

"Kama Usha," alisema. Mtandio ukawa 15,000.

Hesabu kwa wanaouliza: sari 45,000, bitana 12,000, ufundi 35,000, bangili 4,000, pini 1,000, mtandio 15,000. Jumla 112,000. Zile 8,000 zilizobaki zikaenda kwenye hina na piko usiku ule, binamu wa Kapteni akichora na simu mdomoni kama tochi. Na baada ya hapo lehenga ni yangu, hakuna wa kunidai dhamana.

Jumamosi: sendofu

Mchana kutwa tulikunja leso za mezani na kumenya vitunguu, sina zaidi ya hapo. Kadi ilisema saa 12 jioni. Saa 12 ukumbini walikuwepo fundi wa muziki na wajomba kutoka Sengerema. Zamani wajomba hao walikuwa wa mwisho kila shughuli, kisingizio kivuko. Tangu daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3, lifunguliwe Juni 2025, kisingizio kimekufa, na inaonekana wameamua kuwaaibisha wa mjini.

Kuhusu mavazi, nitasema ukweli wangu. Nusu ya ukumbi ilikuwa imependeza na nusu ilikuwa imevaliwa na nguo. Waliokodi walikuwa wanatembea wameshika sketi kwa mikono miwili kama wanavuka mto. Kapteni alivaa sari hasa, kwa pini tisa, na hakujua kwamba marinda ya mbele ndiyo yanayobeba kila kitu. Wimbo wa tatu wa kuserebuka, marinda yakaachia. Wasichana wawili wa netiboli wakamzunguka wakajenga ukuta, mimi nikapiga magoti nikamkunjia upya jinsi mama wa dukani alivyonionyesha: kila rinda upana wa kiganja, yote yatazame upande wa kushoto, pini moja kubwa kabla ya kuchomeka kiunoni. Pini moja kubwa, si tisa ndogo.

Kulikuwa na mjadala wa nukta za kubandika kwenye paji. Shangazi mmoja alikataa katakata kwamba yeye ni Mkatoliki. Nilimweleza alichoniambia mama: nukta nyekundu ya kupaka ni ya mke wa mtu kwa desturi yao, lakini hivi vya kubandika ni pambo tu, hata watoto huvaa. Alisikiliza vizuri sana. Akakataa tena.

Bibi harusi mtarajiwa aliingia na gauni, akabadili, akarudi na lehenga nyekundu iliyojaa vioo vidogo vya duara, taa zikampiga, ukumbi mzima ukapata madoadoa ya mwanga mpaka kwenye biriani. Saa 4 wazee waliomba muziki uzimwe, wakaingiza bugobogobo, majembe yakirushwa na kudakwa. Hapo ndipo sketi yangu ilipolipa hela yake. Ukizunguka inafunguka yote, na kwapani hapakubana hata nilipoinua jembe.

Jumapili na Jumatatu: Ukerewe

Timu ilipumzika, mimi nikafuatana na familia ya Kapteni kwenda Nansio, mji wa kisiwa cha Ukerewe. Bibi yao mzaa mama hakuweza kuja, kwa hiyo tulimpelekea keki, biriani na maneno. Meli ilichelewa kung'oa nanga kwa saa nzima, sababu haikutangazwa. Nauli nililipiwa. Safari kama saa tatu, ziwa tulivu, mbele visiwa vya mawe kama vimemwagwa.

Mzee aliyekaa karibu yangu alihesabu jaketi okozi juu ya vichwa vyetu kwa kidole, moja moja, kabla ya kufungua chai yake. Sikumuuliza. Huku kila familia ina mtu wa tarehe 21 Mei 1996 kwenye MV Bukoba, au wa 20 Septemba 2018 karibu na Ukara kwenye MV Nyerere, siku vyombo hivyo vilipozama. Alipomaliza kuhesabu alinimiminia na mimi chai kwenye mfuniko. Wewe unayepanga kwenda: panda mapema, jua jaketi lako liko wapi, na ukiona chombo kimejaa, kesho kipo kingine.

Nansio, bodaboda 3,000 hadi kijijini, machungwa kila kona, matamu kuliko sukari ya duka. Bibi alisimuliwa sendofu yote, kuanzia wajomba hadi marinda. Kisha akataka kuona. "Hiyo nguo ya Kihindi mnayosema, iko wapi?" Nikavaa lehenga uani, katikati ya kuku, saa 9 alasiri. Aliizunguka. Alipofika kwenye mtandio aliuvuta, akaupapasa nukta kwa kidole gumba muda mrefu.

"Huyu si kanga huyu?"

Ilinichukua muda kuelewa. Hakumaanisha nguo, alimaanisha ndege, yule mwenye madoadoa, ambaye inasemekana ndiye aliyeipa kanga jina lake. "Kumbe nao wana kanga wao," alisema, akajifunga mtandio mgongoni kama anabeba mtoto, akaingia nao jikoni. Picha ninayo. Ndiyo nzuri kuliko zote, na miamba yote kumi na tisa.

Jumatatu tulirudi Mwanza na meli ya asubuhi, na nusu gunia la machungwa.

Jumanne: kurudi

Basi lilitoka Nyegezi kwa wakati, halikuharibika, nilikuwa na machungwa. Tulipofika ule mkwaju baada ya Nzega, kabla ya Igunga, nilichungulia nyumba ya pili. Ndoo ilikuwa mlangoni. Mwenyewe sikumwona.

Dodoma tulifika saa 12 na nusu jioni. Bwenini maji yalikuwa yametoka, na maji yakitoka bwenini huchagui cha kufua, unatumbukiza vyote. Soksi, taulo, fulana nyeupe ya timu, mtandio. Nilikumbuka chumvi pale nilipoona beseni limekuwa rangi ya juisi ya rozela.

Fulana sasa ni ya waridi kuanzia kifuani hadi tumboni, namba yangu ikiwa katikati. Nilimpelekea kocha nikiwa na maelezo marefu. Aliishika, akaigeuza mbele na nyuma, akasema bajeti ya fulana mpya haipo, nitakimbia nayo hivyo hivyo Machi.